Kila Mtu Apige Taipu Makala Yake

Vidole vyangu vina malalamiko, na ndivyo vilivyonituma niandike makala haya.

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Hata hivyo, ukiingia katika maabara yetu ya tarakilishi saa za michezo utaona ajabu. Mtu wa kidato cha tatu, mrefu kama mlingoti, ameinamia kibodi na kidole kimoja kimenyooka juu hewani, anatafuta herufi B kama kuku anayetafuta punje ya mahindi. Akiipata anaidonoa. Halafu anainua macho kuangalia skrini, anashuka tena kutafuta herufi A. Jameni, kwa mwendo huo insha ya ukurasa mmoja itaisha lini?

Hoja yangu ni hii, na ninaisema waziwazi ili nisieleweke visivyo. Kila mwanachama wa Chama chetu cha Kiswahili, awe mvulana au msichana, ajifunze kupiga taipu kwa vidole vyote kumi bila kutazama vitufe. Ajifunze kwa maneno ya Kiswahili. Baada ya hapo kila mtu apige taipu makala yake mwenyewe.

Kwa nini ninasema hivyo? Mnajua jinsi jarida hili linavyotengenezwa. Watu huandika kwa mkono kwenye karatasi za foolscap, wanampelekea mhariri, kisha karatasi zote zinaishia mikononi mwa wasichana wawili. Mmoja wao ni mimi. Mwaka uliopita makala yaliyoletwa yalikuwa thelathini na mbili, na kumi na tisa kati yake yaliandikwa na wavulana. Wavulana waliopiga taipu hata ukurasa mmoja walikuwa sufuri. Mmoja alisimama nyuma ya kiti changu akinisomea shairi lake kama meneja wa kampuni, tena akaniuliza, "Sasa mbona unachelewa?" Nilipomwambia akae yeye nimsomee, alicheka akasema ati hiyo ni kazi ya wasichana.

Kazi ya wasichana! Wacha tuitazame hiyo hoja kwanza.

Mwenye sifa ya kuunda mashine ya taipu iliyofanikiwa sokoni ni Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, aliyekuwa mchapaji na mhariri wa gazeti. Yeye na wenzake walipata hataza mwaka 1868, na mashine yao ikaanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Mpangilio wake wa herufi ndio huu tunaouita QWERTY kwa sababu ya herufi sita za kwanza za mstari wa juu. Tarehe 25 Julai 1888, mjini Cincinnati, kulifanywa shindano la kupiga taipu. Upande mmoja alikuwa Frank McGurrin, mwandishi wa hati mkato mahakamani kutoka Salt Lake City, ambaye alikuwa amekariri mahali pa kila herufi hata hakuhitaji kutazama vitufe. Upande wa pili alikuwa Louis Traub, mwalimu wa taipu, aliyetumia mashine ya Caligraph. Caligraph ilikuwa na vitufe vyake vya herufi kubwa na vingine vya herufi ndogo. McGurrin alishinda, na tangu hapo habari ya kupiga taipu bila kutazama ikaenea sana. Sasa niulize, ndugu zangu wavulana: Sholes, McGurrin na Traub, nani kati yao alikuwa msichana?

Kazi hii ilikuja kupewa wanawake baadaye, maofisi yalipoanza kuwaajiri kwa wingi wawe makarani. Hapo ndipo ilipodharauliwa. Mama yangu anaijua vizuri hadithi hiyo. Alisomea ukarani miaka ya tisini kwenye taipureta, zile za chuma ambazo ukifika mwisho wa mstari kengele inalia na wewe unasukuma mkono kurudi mwanzo. Mpaka leo Mama akitaipu hatazami vidole. Anaweza kukuuliza kama umekula huku mikono yake inaendelea kufanya kazi. Lakini siku nilipomwomba anifundishe, alikubali kwa sharti moja: "Jua kutaipu, ila usimwambie mtu ofisini kwamba unajua. Watakufanya karani wao na cheo utakisikia kwa wengine." Aliona hayo alipofanya kazi. Wanaume walioajiriwa siku moja na yeye walikuwa wakimwekea karatasi mezani wapigiwe taipu, na baadaye wao wakapandishwa vyeo.

Mama namheshimu, lakini hapo simuungi mkono. Kuficha ujuzi hakutamwokoa msichana. Kitakachomwokoa ni kila mtu kuwa nao. Chumba ambacho watu wote wanajua kutaipu, nani atamtupia mwenzake karatasi? Wavulana pia watafaidika, maana mvulana asiyejua kutaipu leo ataenda saiba pale Kondele au Oginga Odinga Street alipie hata barua ya kuomba kazi ya ukurasa mmoja.

Nije sasa kwenye Kiswahili, maana sisi ni chama cha lugha. Walio wengi wakianza kujifunza taipu hupewa ile sentensi ya Kiingereza ya mbweha mwepesi anayemruka mbwa mvivu. Sentensi hiyo ina herufi zote 26 za alfabeti, ndiyo maana imependwa. Lakini ihesabu: ina herufi 35, na A imo mara moja tu! Sasa chukua sentensi yetu ya hapa ziwani: Akina mama wanapara samaki pale Dunga. Hesabu. Kati ya herufi 32, A ni kumi na mbili, zaidi ya thuluthi nzima. Na A katika kibodi inabonyezwa na kidole gani? Kidole kidogo cha mkono wa kushoto, dhaifu kuliko vyote. Neno moja tu kama "hatutawaambia" linakiita kidole hicho mara tano. Juu yake tu kumewekwa Q, herufi ambayo Kiswahili sanifu hakina haja nayo kabisa. Kwa hivyo mtu aliyefundishwa na mbweha na mbwa, ukimpa Kiswahili kidole chake kidogo kinachoka na anaanza kurukaruka. Tunahitaji mazoezi yetu wenyewe.

Na mazoezi hayo yapo tele ndani ya lugha. Mstari wa katikati, pale vidole vinapopumzika, una A, S, D, F, G, H, J, K na L. Kwa herufi hizo peke yake unaweza kuandika saa, sasa, kaka, dada, lala, kasha, shaka, haja, saga na daka. Unaweza hata kutunga sentensi: Dada kaa, kaka lala. Siku ya kwanza tu mwanafunzi anaandika Kiswahili chenye maana.

Kuna jambo jingine nililoligundua nikifanya mazoezi na likanichekesha peke yangu. Neno "wewe" linaandikwa lote kwa mkono wa kushoto. Neno "mimi" linaandikwa lote kwa mkono wa kulia. Lakini "sisi" lahitaji mikono yote miwili! Vivyo hivyo "baba" ni mkono wa kushoto mtupu, na "mama" ni mikono miwili. Jaribuni mtaona. Kwa jumla Kiswahili ni rafiki wa vidole, kwa sababu silabi zetu nyingi ni konsonanti na irabu, na ukiandika "kaka" au "lala" mikono inapokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja.

Tena iko ile alama yetu ya ng'. Inakaa upande wa kulia kabisa, karibu na kidole kidogo cha mkono wa kulia, na mtu asiyejua Kiswahili anaiona ni takataka. Mwaka uliopita stima ilipotea siku tatu, kurasa kumi na mbili za jarida zikapelekwa saiba moja mjini. Zilirudi ng'ombe wote wamekuwa "ngombe". Mbaya zaidi, "ng'oa" ikawa "ngoa". Mwenzetu aliandika kwamba wakulima waling'oa magugu, na sote tunajua ngoa ni wivu. Hapo ndipo nilipoamini kwamba anayepiga taipu ana mamlaka juu ya maneno yako. Ukimwachia mtu mwingine kidole cha mwisho, umemwachia pia neno la mwisho.

Wengine watasema mashine itasahihisha. Mashine ipi? Tarakilishi nyingi zimewekwa zikague Kiingereza. Ukiandika Kiswahili ukurasa mzima unapigwa mistari myekundu kama daftari la hesabu la mtu ninayemfahamu. Maneno yanayopona ni kama "pole" na "wake", kwa vile Kiingereza nacho kina maneno yenye tahajia hiyo! Si kwamba wasomi wa Kiswahili wamelala. Mwaka 2004 ilitolewa programu ya Jambo OpenOffice kutokana na mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye menyu za Kiswahili. Lakini programu haiwezi kujua kama ulikusudia kung'oa au kuona ngoa. Mwandishi ndiye anayejua.

Sasa kuhusu kibodi zenyewe. Hapa kila mtu ana mapenzi yake, na nyumbani kwetu mjadala huu umewahi kuchelewesha chakula cha jioni. Mama anapenda kibodi nene yenye vitufe virefu vinavyopiga kelele, kwa sababu zinamkumbusha taipureta. Anasema kitufe kisicholia hujui kama kimeandika. Kaka yangu anapenda kitufe bapa cha kompyuta ya mkononi, anasema ni chepesi na hakiamshi watu usiku. Mimi niko katikati. Napenda kitufe kinachoshuka kidogo na kurudi haraka, kisichohitaji nguvu, maana nimeshawaeleza habari za kidole kidogo na herufi A.

Tofauti hiyo ina sababu yake. Kibodi nyingi za bei nafuu zina utando wa mpira chini ya vitufe, ndiyo maana unahisi kama unabonyeza mkate. Nyingine kila kitufe kina springi yake, kama ile Model M ya kampuni ya IBM iliyoanza kutengenezwa mwaka 1985, ambayo watu wengine ng'ambo wanaitafuta mpaka leo kwa ajili ya mlio wake. Wako pia waliobadilisha mpangilio wa herufi. August Dvorak wa Marekani alipata hataza ya mpangilio wake mwaka 1936, akaziweka irabu zote tano kwenye mstari wa katikati chini ya mkono wa kushoto. Lakini A alimwachia nani? Kidole kidogo yuleyule, maskini! Na huko Kongo na Burundi, zilikotawala sheria na lugha ya Wabelgiji, kibodi nyingi ni za mtindo wa Kifaransa, A iko mstari wa juu mahali pa Q yetu, na M iko kando ya L. Mswahili wa Bukavu akija Kisumu itambidi avizoeshe vidole upya.

Ninawaheshimu wote hao. Kibodi ni kama kiatu, anayekivaa ndiye anayejua kinapobana. Ila kwetu hapa hatuchagui kiatu. Shule kama yetu hupata tarakilishi kwa njia mbalimbali. Tangu mwaka 2002 kumekuwa na shirika la Computers for Schools Kenya ambalo limesaidia kupeleka mashine zilizokwisha tumika katika shule nyingi nchini. Kwa sababu hiyo katika maabara moja utakuta kibodi za Uingereza na za Marekani zimechanganyika. Ile ya Uingereza, juu ya tarakimu 2 imechorwa alama za kunukuu. Ya Marekani, hapo hapo pana ile alama ya @ ya barua pepe. Kama mashine imewekwa kwa mtindo wa Marekani na kibodi ni ya Uingereza, unabonyeza kilichochorwa na kinatokea kingine. Nimemwona mtu akigombana na anwani yake ya barua pepe nusu kipindi kwa ajili ya hilo.

Ongeza na uzee. Katika maabara yetu ziko kibodi ambazo herufi A, N na I zimefutika kabisa kwa kubonyezwa. Jioni taa zikiwashwa wale wadudu wa ziwani wanajaa, wengine wanafia katikati ya vitufe. Mwanafunzi anayetegemea macho akipangiwa mashine hiyo anainua mkono amwite mwalimu. Anayetegemea vidole anapapasa vile vinundu viwili vidogo vilivyo kwenye F na J, anaweka mikono mahali pake, anaanza kazi. Hebu pimeni wenyewe nani ana uhuru zaidi. Mwenye kidole kilichozoea anaweza kuwa na mapenzi yake na bado akatumia chochote anachopewa.

Kama kuna asiyeamini kwamba vidole vina akili yake, akumbuke jirani zetu wa shule ya wasioona pale Kibos. Mtu asiyeona hupiga taipu bila msaada wa macho kabisa. Ile mashine ya Perkins ya kuandikia Braille ina vitufe sita tu vya nukta, na mwenye kuizoea huandika kurasa kwa kurasa. Sisi wenye macho mawili tunashindwaje?

Wako watakaonipinga. Wa kwanza watasema, "Tuna simu, tunaandika kwa vidole gumba." Kweli, na wengine mna kasi ya ajabu. Lakini shuleni simu haziruhusiwi, na karatasi ya vitendo ya somo la Kompyuta katika KCSE, yenye saa mbili na nusu, haifanywi kwa vidole gumba. Anayedonoa herufi anatumia muda wa kufikiri kutafuta B. Wa pili watasema siku hizi unaongea na mashine inaandika. Ni kweli pia, mwaka 2017 Google iliongeza Kiswahili katika lugha inazoweza kuziandika kwa kusikia sauti. Lakini fikiria sisi hamsini darasani kila mmoja akiisomea mashine insha yake. Pangekuwa Kibuye siku ya soko! Na hata ikiandika, au hata programu ya akili bandia ikikuandikia, lazima ukae usahihishe, na kusahihisha ni kwa vidole. Wa tatu ni wale wasiosoma Kompyuta, wanaosema haiwahusu. Nyinyi mtakapomaliza kidato cha nne mtaomba nafasi za vyuo kupitia mtandao wa KUCCPS, mtajaza fomu za eCitizen, na wenye bahati ya chuo wataandika tasnifu. Zamani katika mfumo wa 8-4-4 kulikuwa na somo la kupiga taipu na kazi za ofisi. Kwenye orodha ya masomo yetu leo halimo, lakini haja yake imezidi.

Basi ninapendekeza mambo manne, na ninamwomba mlezi wa chama na mwalimu wa kompyuta wayafikirie.

Kwanza, kila mkutano wa chama uanze kwa dakika kumi na tano za mazoezi ya vidole, kwa maneno ya Kiswahili ambayo wanachama wenyewe watayatunga. Methali zinafaa sana.

Pili, wakati wa mazoezi mikono ifunikwe. Kata boksi la katoni pande mbili, liweke juu ya kibodi, ingiza mikono. Mama alinifunika kwa leso, nayo ilifanya kazi.

Tatu, asiye na mashine nyumbani, na ndio wengi wetu, achore kibodi kwenye karatasi ya manila kwa vipimo halisi, na abandike punje mbili za mchele kwenye F na J. Nilijifunza hivyo kwa wiki tatu kabla sijapata nafasi ya kutosha maabarani. Haihitaji stima.

Nne, kuanzia jarida lijalo, makala ya mkono yapokelewe kutoka kwa wanafunzi wapya peke yao. Sisi wengine kila mtu akae mwenyewe mbele ya mashine. Sisi wasichana wawili tuko tayari kufundisha yeyote, hata yule wa shairi. Tutakaa kando yake na kumwonyesha mahali pa kila kidole. Kumpigia taipu, hapana. Jarida hili lililo mikononi mwenu ndilo la mwisho nitakalolitaipu kwa niaba ya watu wenye vidole kumi vizima.

Haba na haba hujaza kibaba. Dakika kumi na tano kwa wiki si kitu, lakini kufikia mwisho wa mwaka utashangaa. Nikiwakosea popote mniwie radhi, na mwenye hoja ya kunipinga ninamkaribisha ajibu katika toleo lijalo. Nina ombi moja tu kwake: jibu lake alipige taipu mwenyewe.